Maji matamu yanayoua

Tone limechotwa kwenye dimbwi la kukaushia chumvi, siku ambazo maji yake yamekwisha kuwa mekundu na fuwele zimeanza kutanda chini. Likiwekwa kwenye slaidi, likafunikwa kwa kioo chembamba na kutazamwa kwa hadubini, linaonekana limejaa uhai: vijiti vyembamba vinavyoogelea, na vipande bapa vya pembe nne, vyembamba kama karatasi, kana kwamba mtu amevunja kigae na kumwaga vipande.

Sasa tone la maji yaliyokenekwa linawekwa ukingoni mwa kile kioo. Karatasi ya kunyonya inagusishwa upande wa pili, na maji yanavutwa kupita chini yake.

Vijiti vinavimba. Vinakuwa mviringo. Halafu havipo.

Kinachobaki ni ukungu mwepesi, na hapa na pale vishada vidogo vya duara, viwili viwili au vinne vinne, ambavyo vimekaa vilevile kama havikuambiwa kitu.

Hakuna sumu iliyoongezwa. Ni maji safi tu. Picha hii imenisumbua kwa wiki kadhaa, kwa sababu tunapoeleza jinsi bakteria wanavyoishi kwenye chumvi, karibu kila mara tunaanza na kumaliza na chumvi yenyewe: inaingiaje, inazuiwaje, inavumiliwaje. Kadiri ninavyorudi kwenye kile kioo, ndivyo ninavyoona kwamba habari nzima ni ya maji. Chumvi inapopanda, swali ni jinsi ya kuyashika maji yasitoroke. Chumvi inaposhuka, swali ni jinsi ya kuyazuia yasivamie. Na la pili ndilo linaloua haraka zaidi.

Maji yaliyopo lakini hayapatikani

Wanaohifadhi vyakula hawaulizi tu chumvi ni asilimia ngapi. Wanauliza maji huru ni kiasi gani, kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 1. Maji safi ni 1.00. Bahari, yenye takribani gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji yake, ni kama 0.98. *Escherichia coli*, bakteria wa utumbo anayetumika sana maabara, huacha kukua karibu na 0.95. *Staphylococcus aureus* huendelea hadi karibu 0.86, na ndiyo maana agari, yaani jeli ya kuoteshea, yenye chumvi asilimia 7.5 na manitoli kama chakula hutumika kumchuja kutoka kwenye mchanganyiko: wengi wa wenzake hushindwa hapo, yeye hustawi. Mmumunyo wa chumvi ya kawaida usioweza kuyeyusha zaidi una 0.75, na hata hapo wapo wanaokua.

Tuseme pia wazi kwamba kuacha kukua si kufa. Bakteria wengi wanaozidiwa na chumvi hunyamaza tu, wakisubiri.

Shida ya pili ni sodiamu yenyewe. Vimeng'enya vingi vya ndani ya seli vimezoea potasiamu, na sodiamu ikijaa huvivuruga. Kwa hiyo hata aliyefanikiwa kushika maji yake bado anahitaji pampu ya kuitoa. *E. coli* ana NhaA, protini ya kwenye utando inayotoa ayoni ya sodiamu na kuingiza protoni. Bakteria wengi wa baharini, *Vibrio* wakiwemo, wameigeuza kero hiyo kuwa mtaji: hutoa sodiamu kwa nguvu ya upumuaji, kisha huiacha irudi kupitia mota ya mkia, na mkia ukazunguka.

Dakika za mwanzo

Hamisha *E. coli* kutoka kwenye kioevu chenye chumvi kidogo hadi kwenye chenye moli 0.5 za chumvi kwa lita, yaani gramu 29 hivi. Ndani ya sekunde maji yanatoka. Seli inasinyaa, utando wa ndani unajivuta kutoka kwenye ukuta, upumuaji unazorota.

Jibu la kwanza ni potasiamu. Milango ya Trk na Kdp huiingiza kwa kasi, na katika dakika chache kiwango chake ndani kinapanda sana. Lakini potasiamu ina chaji chanya na haiwezi kurundikana peke yake, kwa hiyo seli hutengeneza glutameti, yenye chaji hasi, iwe mwenzi wake.

Hii ni dawa ya dharura. Potasiamu na glutameti zikizidi huvuruga jinsi protini zinavyoshikana na DNA na jinsi vimeng'enya vinavyofanya kazi. Seli inajinunulia muda tu.

Muda huo hutumika kutengeneza kitu cha upole zaidi. Vimeng'enya OtsA na OtsB huunda trehalosi, sukari isiyo na chaji, na inapoongezeka potasiamu huruhusiwa kutoka. Na kama nje kuna prolini au betaini, molekuli nyingine mbili za upole huo, milango ya ProP na ProU huivuta ndani. ProP tayari ipo kwenye utando na huamka yenyewe seli inaposinyaa. ProU hungoja jeni lake liamshwe kwanza, kisha hufanya kazi kwa nguvu kubwa.

Betaini inastahili kusimama kidogo. Ina chaji chanya na chaji hasi ndani ya molekuli moja, kwa hiyo kwa jumla haina upande. Huyeyuka kwa wingi wa ajabu, na haipendi kukaa juu ya uso wa protini. Kwa kuwa inaukwepa uso huo, protini hupata faida kubaki imejikunja vizuri, ikionyesha uso mdogo iwezekanavyo. Ndiyo maana seli inaweza kujaza betaini hadi viwango vikubwa bila kuharibu mashine zake. Wataalamu huziita molekuli za aina hii viyeyuki patanifu. Mimi nazifikiria kama wageni wanaojaza nyumba bila kugusa vyombo.

Shaka iliyofichwa kwenye hamira

Hapa ndipo majaribio mengi hupotoka, na nadhani panastahili nafasi kubwa kuliko panavyopewa.

Dondoo ya hamira, inayowekwa kwenye karibu kila kioevu cha kuoteshea bakteria, ina betaini. Ukiotesha bakteria kwenye kioevu hicho chenye chumvi asilimia 8, akakua vizuri, ukapima ndani yake ukakuta betaini tele, bado hujathibitisha kwamba anaitengeneza. Huenda ameiokota tu.

Jaribio la haki ni la kioevu chenye viambato vinavyojulikana kimoja kimoja: glukosi, amonia, fosfeti, madini, chumvi. Humo *E. coli* huanza kuteseka akikaribia moli 0.65 hadi 0.8 za chumvi. Ongeza betaini milimoli 1 tu, na ukuaji unarudi. Ongeza kolini, malighafi ya betaini, badala yake, na mlango wa BetT huiingiza, vimeng'enya BetA na BetB huigeuza kuwa betaini, mradi oksijeni ipo. Bila oksijeni njia hiyo hufungwa. Kwa hiyo chupa iliyojazwa hadi shingoni na chupa inayotikiswa hutoa majibu mawili tofauti kwa bakteria yuleyule.

Mtego mwingine ni kipimo cha ukungu wa kioevu, kile cha mwanga wa nanomita 600. Seli iliyosinyaa hutawanya mwanga zaidi. Ukimwaga chumvi ghafla, usomaji hupanda papo hapo ilhali hakuna seli hata moja iliyogawanyika. Dawa ni kuanza kuhesabu baada ya mruko huo kutulia, kutumia kioevu chenye chumvi ileile kama sifuri ya kipimo, na kuthibitisha kwa kuhesabu makoloni kwenye sahani.

Ukimya mrefu nao hudanganya. Seli zilizohamishwa kwenye chumvi kali zinaweza kukaa saa nyingi, wakati mwingine siku, bila dalili. Wengi humwaga chupa asubuhi ya pili na kuandika "haikukua". Kama lengo ni kuzoesha, panda kwa hatua ndogo, asilimia 0.5 hadi 1 kwa mara, na kila hatua uihamishe mara mbili au tatu kabla ya kupanda tena.

Wanaoikaribisha chumvi ndani

*Halobacterium*, vile vijiti vya kwenye lile tone, hategemei viyeyuki patanifu. Yeye hujaza kloridi ya potasiamu ndani, moli 4 hadi 5 kwa lita, hadi ndani na nje vilingane. Hakimbizi chumvi. Amebadilisha protini zote ziishi nayo.

Protini hizo zimejaa asidi amino za aspatiki na glutamiki juu ya uso wake, na kwa sehemu kubwa chaji zake chanya na hasi hulingana kwenye pH ya takribani 5, ilhali protini za bakteria wa kawaida zimesambaa zaidi. Chaji hasi nyingi juu ya uso hushika maji na ayoni za potasiamu kwa pamoja, na protini hubaki imelowana mahali ambapo nyingine ingejikusanya na kuganda kama ute wa yai kwenye moto. Gharama yake ni kwamba ukiondoa chumvi, zile chaji hasi zinasukumana. Protini inafumuka.

Yaani chumvi imekuwa sehemu ya umbo lake.

*Halobacterium*, licha ya jina lake, si bakteria kwa ukoo. Ni arkea, ukoo mwingine wa viumbe vya seli moja, tofauti na bakteria. Kwa miaka mingi somo hili lilifundishwa kwa mstari mmoja mnyoofu: arkea hujaza chumvi, bakteria hutengeneza viyeyuki patanifu. Mwaka 2002 akaelezwa *Salinibacter ruber*, aliyetengwa kutoka madimbwi ya chumvi ya Hispania. Ni bakteria halisi, mwekundu, anaishi bega kwa bega na arkea wale, na anajaza potasiamu ndani kama wao. Protini zake nazo zina asidi nyingi.

Mstari ulipinda, lakini angalau kanuni moja ilibaki: anayejaza chumvi lazima awe na protini za asidi.

Hata hiyo haikudumu. Halanaerobiales, bakteria wasiotumia oksijeni, nao hujaza chumvi ndani, lakini mpangilio wa jeni zao ulipochunguzwa protini zao hazikuonyesha asidi hiyo ya kupindukia. Na *Halorhodospira halophila*, bakteria mwingine wa chumvi kali, ana protini za asidi kabisa, ila akioteshwa kwenye kioevu chenye potasiamu kidogo hajazi potasiamu kwa wingi huo. Hutumia viyeyuki patanifu.

Sioni njia ya kurudisha mpaka ule wa zamani. Mimi sasa nasoma protini za asidi kama ruhusa ya kuishi na potasiamu nyingi, ambayo kiumbe anaweza kuitumia au kutoitumia, na kwa Halanaerobiales kuna ruhusa ya aina nyingine.

Bei

Kwa nini basi wote wasijaze chumvi? Ukihesabu nishati tu, ni rahisi mno. Kuingiza kloridi ya potasiamu hugharimu chini ya ATP moja, sarafu ya nishati ya seli, kwa kila molekuli. Kuunda molekuli moja ya trehalosi au ya ektoini, kiyeyuki patanifu kingine, kutoka mwanzo hugharimu makumi ya ATP.

Mtafiti Aharon Oren alipanga hesabu hii mwaka 1999 na kuonyesha kwamba inaeleza nani anakosekana kwenye maji ya chumvi kali. Bakteria wanaopata nishati kidogo kwa kazi yao, kama wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti, hawaonekani wakifanya kazi hiyo kwenye chumvi ya zaidi ya asilimia 15 hivi. Hawana mapato ya kulipia viyeyuki patanifu. Anayesimamia usafishaji wa maji taka yenye chumvi na kuona amonia inabaki palepale ilhali uchafu mwingine unaliwa, aanzie hapo.

Lakini anayejaza chumvi amejifunga. *Halobacterium* hakui vizuri chini ya moli 2.5 au 3. Mwenye viyeyuki patanifu analipa ghali kila siku, ila anaweza kupanda na kushuka. *Halomonas elongata* hukua kwenye chumvi kidogo na kwenye chumvi kali mara kadhaa ya bahari.

Mvua

Turudi kwenye maji matamu.

Tofauti ya moli 0.1 ya chumvi kati ya ndani na nje hutoa msukumo wa angahewa 4 hadi 5. Tairi la gari dogo hujazwa kwa kama 2. Kutoka gramu 250 za chumvi kwa lita hadi maji safi, nadharia hutoa zaidi ya angahewa 200. Hakuna utando unaohimili hilo. Anayenusurika ni yule anayemwaga mzigo kabla hajapasuka.

*E. coli* ana valvu za kazi hiyo, MscS na MscL. Hakuna ishara ya kemikali inayozifungua. Utando wenyewe ukivutika, protini hizo huvutwa pamoja nao na tundu linafunguka, ndani ya milisekunde. Tundu la MscL hufikia karibu nanomita 3, kubwa kiasi kwamba potasiamu, glutameti, trehalosi, vyote hutoka bila kuchaguliwa. Hufunguka mvutano ukikaribia kabisa ule wa kupasua. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba *E. coli* aliyenyang'anywa zote mbili hukua kama kawaida, hadi siku anapohamishwa ghafla kutoka moli 0.5 za chumvi kwenda kwenye maji. Hapo hufa.

Viwanda hutumia valvu hizi kila siku. Ektoini, iliyogunduliwa mwaka 1985 kwa bakteria wa maziwa ya magadi ya Wadi Natrun nchini Misri, huwekwa leo kwenye krimu za ngozi na matone ya macho. Njia yake ya kuvuna huitwa kukamua, na kweli ni kukamua: *Halomonas elongata* hukuzwa kwa wingi kwenye chumvi asilimia 10, kisha huhamishwa ghafla kwenye asilimia 2. Valvu hufunguka, sehemu kubwa ya ektoini humwagika nje, seli huchujwa zikiwa hai na kurudishwa kwenye asilimia 10. Baada ya saa 10 hivi zimejaza tena. Ilipoelezwa mwaka 1998, seli zilezile zilikamuliwa mara 9.

Ukishusha polepole hupati kitu. Seli hurekebisha mzigo wake ndani kwa ndani na valvu hubaki zimefungwa. Ghafla ndiyo siri yenyewe.

*Halobacterium* kwenye slaidi yetu hana pa kukimbilia. Ukuta wake si ule mgumu wa bakteria. Ni tabaka la protini zenye sukari, zilizoshikiliwa pamoja na sodiamu na magnesiamu nyingi za nje. Chumvi ikishuka, tabaka linaachia kabla hata utando haujavutika vya kutosha. Ndiyo maana kijiti kinakuwa mviringo kwanza: kilichokuwa kinampa umbo kimeyeyuka.

Mezani

Kwa anayetaka kumwotesha *Halobacterium*, kioevu kilichozoeleka ni hiki, kwa lita: chumvi gramu 250, salfeti ya magnesiamu yenye maji saba gramu 20, sitreti ya sodiamu gramu 3, kloridi ya potasiamu gramu 2, peptoni (protini iliyomeng'enywa, chakula chao) gramu 10, pH 7.0 hadi 7.4. Kwa sahani ongeza agari gramu 20.

Yeyusha chumvi kwenye mililita 800 kwanza, kisha jaza hadi lita. Ukimwaga gramu 250 juu ya lita nzima, ujazo hupanda na unapata mmumunyo dhaifu kuliko ulioandika.

Peptoni si zote sawa. Baadhi zina mabaki ya chumvi za nyongo, na hizo humyeyusha *Halobacterium* hata chumvi ikiwa sahihi. Kioevu kikibaki cheupe wiki nzima, badilisha peptoni kabla ya kulaumu mbegu.

Otesha kwa nyuzi 37 hadi 42. Makoloni mekundu huchukua siku 5 hadi 10, na katika siku hizo sahani hukauka, fuwele zikaota juu ya agari, na mgeni akazihesabu kama makoloni. Funga sahani kwenye mfuko wa plastiki. Maji ya chumvi kali hubeba oksijeni kidogo sana, kwa hiyo kwenye chupa ya mililita 250 weka kioevu mililita 50 tu na uitikise.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni la kuzimulia. Mtu anachukua sampuli yenye mamilioni ya seli hai, anaizimua mara kumi kumi kwa maji ya chumvi ya maabara, yale ya asilimia 0.9, na anapata sifuri kwenye kila sahani. Amewaua wote kwenye mrija wa kwanza. Zimulia kwa mmumunyo wa chumvi na magnesiamu kama ule wa kioevu chenyewe.

Rangi ya Gram, ile ya kutofautisha bakteria kwa ukuta wao, nayo huharibikia kwenye maji ya kusuuzia. Mtafiti Dussault alitoa suluhisho mwaka 1955: tandaza seli, zikauke, kisha izamishe slaidi kwenye asidi asetiki ya asilimia 2 kwa dakika 5. Asidi hugandisha seli na kuondoa chumvi kwa wakati mmoja. Kausha bila kusuuza, halafu paka rangi kama kawaida.

Na vile vishada vya duara vilivyobaki chini ya kioo baada ya wengine wote kutoweka? Ni *Halococcus*. Naye ni arkea, naye anahitaji chumvi kali ili akue. Lakini amejifunika ukuta mnene wa sukari zenye salfeti, usiotegemea chumvi kushikana. Mwache kwenye maji yaliyokenekwa, mrudishe kwenye kioevu chake, na utamwona chini ya hadubini akiwa na umbo lilelile, wawili wawili, wanne wanne.